Unanunua Trela ya Chakula? Kagua Chuma Kabla ya Rangi

Trela mpya ya chakula hupendeza macho. Rangi inang'aa, stika za burger na smokie zimebandikwa, dirisha la kuuzia linafunguka kama duka la maana. Shida ni moja: ukiiona ikiwa imefika hapo, sehemu zinazoamua kama itadumu miaka kumi au miezi miwili zote zimeshafunikwa.

Binamu yangu anauza chapati, maharagwe na chai karibu na chuo kimoja kule Juja. Baada ya miaka mitatu kwenye kibanda cha mabati, alijumlisha akiba yake na zamu yake ya chama, akaagiza trela ya KSh 240,000. Alituma nusu kwa simu siku ya kuagiza, nusu siku ya kuichukua. Wiki ya tano, wakiivuta kutoka kwa sherehe, mkono wa kuvutia uling'oka kutoka kwenye chasisi. Bahati nzuri gari lilikuwa limepunguza mwendo kwenye tuta, kwa hivyo hakuna aliyeumia. Lakini sufuria, jiko na vioo viliharibika, na biashara ikalala wiki sita.

Alipompigia fundi, aliambiwa hivi: "Madam, wewe uliomba bei ya chini. Hiyo ndiyo kazi ya bei hiyo."

Maneno hayo yalimuuma, lakini yana ukweli fulani. Hakukuwa na karatasi hata moja inayosema hiyo bei ilikuwa ya kazi gani. Ujumbe wa malipo ulionyesha kiasi, tarehe na jina la mtu, basi. Alipoamua kujaribu tena, aliniomba twende pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza, na yatakusaidia uwe unaagiza trela Kariobangi, Kamukunji au kwa fundi wa mtaani kwenu.

Kwanza, fanya bei zilingane

Tulizunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisema 240,000, wa pili 310,000, wa tatu 380,000. Ukisikia hivyo tu, moyo unakimbilia ile ya kwanza. Lakini hizo si bei tatu za kitu kimoja. Ni bei za trela tatu tofauti.

Tulichofanya ni kuandika karatasi moja yenye maswali na kumpa kila fundi aijaze: urefu na upana, unene wa chuma cha chasisi, unene wa mabati ya ukuta, aina ya ekseli, tairi mpya au za kutumika, meza ya chuma gani, waya za umeme, tangi za maji, sehemu ya gesi, na kama kazi ya kuandikisha trela imo ndani ya bei. Fundi wa 240,000 alipoijaza, bei yake ilipanda hadi 305,000. Hakuwa amedanganya. Hapo mwanzo hakuwa ameulizwa.

Kwa hivyo usilinganishe bei kabla hujalinganisha orodha. Na fundi akikataa kujaza, hilo pia ni jibu.

Sehemu ambazo rangi huficha

Chasisi. Hii ndiyo fremu ya chini inayobeba kila kitu. Uliza ni chuma cha ukubwa gani na unene wa milimita ngapi, kisha pima mwenyewe kwenye ncha iliyokatwa kabla haijazibwa. Kumbuka geji huenda kinyume: namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 ni kama 1.2. Hizo ni sawa kwa ukuta, si kwa kubeba mzigo barabarani.

Mkono wa kuvutia. Hapa ndipo trela ya kwanza ya binamu yangu ilipokosea. Mkono ulikuwa umechomelewa tu kwenye ubao wa mbele wa fremu, kama mpini uliobandikwa. Mkono mzuri huingia chini ya chasisi na kushikwa kwenye vyuma viwili au zaidi vya kukatiza, ili kila mruko wa barabara ugawanywe badala ya kuishia kwenye mshono mmoja. Lala chini uangalie. Usione haya, utavaa kanzu ya kazi. Pia hakikisha kuna mnyororo wa usalama unaounganisha trela na gari, na kwamba kichwa cha kuvutia kinalingana na mpira ulio nyuma ya gari. Mipira mingi ya magari madogo ni ya milimita 50.

Mishono ya kuchomelea. Mshono mzuri umefuata kiungo chote na umeingia ndani ya chuma. Mshono mbaya ni nukta nukta, halafu fundi anapitisha grainda, anajaza fila na kupaka rangi. Ukishapakwa rangi, yote miwili inafanana. Ndiyo maana kichwa cha makala haya kinasema ulivyosoma.

Ekseli na magurudumu. Trela nyingi za jua kali hutumia ekseli ya gari kuukuu. Hiyo si dhambi, bora iwe nzima. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe na usikilize kama beringi inakwaruza, kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, uliza. Kwa tairi, tafuta namba nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT ubavuni. "2319" maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini umri mkubwa inaweza kupasuka ukiwa na mzigo.

Ukuta, paa na sakafu. Kati ya bati la nje na la ndani kuwe na kitu cha kuzuia joto, la sivyo saa sita mchana mpishi atakuwa ndani ya oveni. Sakafu ya mbao ikifunikwa kwa bati bila kuzibwa pembeni, maji ya kuoshea yatapenya na mbao ioze bila wewe kujua. Dawa yake ni jaribio rahisi: mwambie fundi amwagie trela maji ya mpira dakika kumi, juu na kwenye madirisha, wewe ukiwa ndani. Mvua ya Aprili haitakuwa ya kwanza kukuonyesha panapovuja.

Meza na sinki. Fundi atakwambia ni stenilesi. Beba sumaku. Ile aina ya 304, inayopendwa sana jikoni, kwa kawaida haishiki sumaku. Sumaku ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Lakini usisherehekee haraka isiponata, kwa sababu kuna aina ya bei nafuu, 201, ambayo pia haishiki na hupata kutu upesi zaidi. Kwa hivyo iandikwe kwenye karatasi, na uombe risiti ya duka ilikonunuliwa.

Gesi na umeme: hapa usibembelezwe

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, haipandi juu na kutoka dirishani. Inatulia sakafuni ikingoja cheche. Kwa sababu hiyo, mtungi unafaa kukaa kwenye kisanduku chake kinachofunguka kwa nje, kilichotengwa na jikoni, chenye matundu chini. Na ndani ya jikoni kwenyewe pawe na tundu la hewa karibu na sakafu, si juu peke yake. Mpira wa gesi usipite nyuma ya jiko ambapo unaweza kuungua. Weka kizimamoto cha unga na blanketi la moto karibu na mlango, si nyuma ya jiko, maana moto ukianza huwezi kuruka juu yake kufuata kizimamoto.

Kwa umeme, waya wa soketi usiwe chini ya 2.5 na wa taa usiwe chini ya 1.5. Kuwe na breka, swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, na waya wa ethi uliofungwa kwenye mwili wa trela. Trela ni sanduku la chuma lenye maji na watu wanaoegemea dirishani. Waya mmoja ukichubuka bila ethi, mteja anayeshika kaunta ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Ukubwa na mapambo: nunua unachotumia

Ni rahisi kutamani kila kitu: feni ya kutoa moshi, friji, spika, taa za rangi, kaunta ya kukunja. Kabla ya kuongeza kitu, jiulize maswali mawili. Je, kitaniletea mauzo? Na kina uzito gani?

Uzito ni pesa, na ni usalama. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mtungi wa kilo 13 ukijaa huwa zaidi ya kilo 25. Jumlisha jiko, friji, unga, soda na kreti. Kule Ulaya, trela ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa unazidi kilo 750 lazima iwe na breki zake yenyewe. Hicho ni kipimo kizuri cha kujiuliza: yangu ikijaa ni kilo ngapi, na gari litakaloivuta linaweza kuisimamisha kwenye mteremko?

Mpangilio pia ni muhimu. Kwa trela ya kawaida ya kuvutwa na mpira, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inafaa kulalia mkono wa mbele. Ukiweka jiko, friji na tangi la maji vyote nyuma ya ekseli, mkono unakuwa mwepesi na trela inaanza kuyumba kama mkia ukikimbia. Mwambie fundi akuchoree kila kitu kitakaa wapi kabla hajakata chuma.

Kuhusu maji, tangi la maji machafu liwe kubwa kidogo kuliko la maji safi. Likiwa dogo, litafurika kabla hujamaliza siku, na afisa wa afya hatakuuliza kama ulijua.

Binamu yangu aliacha spika na taa za rangi. Pesa hizo akaziweka kwenye chuma kinene cha chasisi na paa lenye kinga ya joto. Alinichekesha aliposema, "Wanafunzi hawaji kucheza ngoma, wanakuja kula chapo."

Lipa kwa hatua, na kila hatua uione kwa macho

Hapa ndipo simu yako inakuwa silaha. Ukituma pesa zote mwanzoni, fundi hana haraka. Ukikataa kutuma chochote, hana pesa ya kununua chuma. Njia ya katikati ni kugawanya bei kulingana na kazi inayoonekana kabla haijafunikwa. Huu ndio mgao tulioandika kwa bei ya 310,000:

- Hatua ya 1, asilimia 30 (93,000): vifaa. Sehemu kubwa ililipwa moja kwa moja kwa till ya duka la vyuma, si kwa mkono wa fundi. Risiti ikaandikwa unene na idadi.
- Hatua ya 2, asilimia 30 (93,000): chasisi, mkono na ekseli vimekamilika, bado havijapakwa rangi.
- Hatua ya 3, asilimia 25 (77,500): ukuta na paa vimesimama, waya, mipira ya maji na bomba la gesi vinaonekana, bati la ndani bado halijafunika.
- Hatua ya 4, asilimia 15 (46,500): trela imepakwa rangi, imemwagiwa maji, imepimwa uzito na kuvutwa barabarani bila kuyumba.

Fundi wa 380,000 alitaka asilimia 80 mwanzoni. Yule wa 305,000 alisema yeye hapendi wateja wa kuja kuja. Wa 310,000 akasema, "Karibu saa yoyote, lakini usinisimamie kichwani." Ndiye aliyepata kazi.

Katika hatua ya pili tulikuta kiungo kimoja cha mkono kimechomelewa nukta nukta. Binamu yangu alimwambia kwa heshima, "Fundi, hapa mshono haujakamilika. Ukimaliza nitumie picha, nami nitatuma pesa leo leo." Fundi aliguna, akashika mashine yake. Saa mbili baadaye picha ikaja, na pesa zikaenda. Hakuna aliyepigiana kelele. Kurekebisha mshono ule kabla ya rangi kulichukua dakika chache. Kwenye trela ya kwanza, mshono kama huo ulimgharimu wiki sita.

Kabla ya kuweka PIN

- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kama mmekubaliana na karakana na jina ni la mtu usiyemjua, simama uulize kwanza.
- Penda kulipa kwa till au Paybill ya biashara kuliko namba ya mtu binafsi. Rekodi yake inasimama vizuri zaidi ukihitaji ushahidi.
- Usifute ujumbe wa malipo. Baada ya kila hatua, mtumie fundi ujumbe mfupi: "Nimelipa 93,000 ya hatua ya 2, chasisi na ekseli." Akijibu "nimepata", umejiwekea risiti ya maana ya malipo hayo.
- Kurudisha muamala ni kwa pesa zilizokosea njia. Si dawa ya kazi mbovu. Ukishamlipa mtu uliyekusudia kumlipa, huwezi kuomba pesa irudi kwa sababu mshono umepasuka.
- Tangazo la mtandaoni la trela ya bei ya kutupa, na muuzaji anataka "ya kushikilia" kabla hujaiona? Usitume hata shilingi. Nenda uione, au mtume mtu unayemwamini.
- Angalia kikomo cha muamala na cha siku mapema, ili usikwame ukiwa karakana jioni.
- Usijenge trela kwa mkopo wa simu wa siku 30. Trela haiwezi kujilipa ndani ya mwezi mmoja. Tumia akiba, chama au mkopo wa sacco unaolingana na mapato yako.

Karatasi ambazo rangi haiwezi kuchukua nafasi yake

Trela inayovutwa barabarani huandikishwa na NTSA na kupewa namba yake, ile inayoanza na herufi Z. Ukiuziwa trela kuukuu, omba kitabu cha umiliki na ulinganishe namba ya chasisi iliyo kwenye chuma na iliyo kwenye kitabu, halafu ufanye utafutaji wa rekodi kabla ya kulipa. Huduma hizo hupatikana kupitia eCitizen, na Paybill ya malipo ya serikali ni 222222. "Wakala" anayekupa namba yake ya simu ili akuharakishie, mwache aende.

Kisha kuna kaunti: leseni ya biashara, cheti cha afya cha wanaoshika chakula, na idhini ya mahali utakapoegesha. Nenda ofisini uulize kabla ya kuagiza, kwa sababu upana wa trela unaweza kutegemea nafasi utakayopewa.

Mwisho, andikeni makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: orodha ya vifaa, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, na miezi ambayo fundi atarekebisha kasoro bila malipo. Mtie sahihi mbele ya shahidi. Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi KSh 1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Karatasi hiyo pamoja na jumbe zako za malipo ndizo zitakazokusemea huko.

Trela ya pili ya binamu yangu iko barabarani sasa. Si nzuri kuliko ya kwanza ukiitazama kwa mbali. Rangi ni ya kawaida na bado hajabandika stika. Lakini ukiinama chini ya mbele, utaona mkono umeingia hadi kwenye chuma cha pili cha chasisi, na mshono umezunguka wote. Kwenye simu yake kuna picha ya mshono huo kabla ya rangi, na chini yake ujumbe wa malipo wa siku ile ile.

Ukienda kwa fundi wiki hii, beba vitu vitatu: karatasi ya maswali, sumaku, na subira ya kutotuma pesa hadi uone. PIN yako ibaki kuwa kitu cha mwisho kabisa kubonyezwa.